Kondo la nyuma lililonasa kwenye kizazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya wengi ni akina mama waliowahi kujifungua kwa upasuaji. Bahati mbaya wengi huyauliza siku yenyewe ya opereshini, karatasi ya kusaini ikiwa mkononi. Kama una kovu na sasa ni mjamzito, unaweza kuruka moja kwa moja hadi swali la nne, halafu urudi huku juu ukipata nafasi.

Daktari amesema "plasenta akreta". Ni kitu gani hicho?

Plasenta ndiyo kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio. Kwa kawaida hujishikiza kwenye utando laini uliofunika ukuta wa ndani wa kizazi. Mtoto akishatoka, kizazi hujikunja, kondo likabanduka kwenye utando ule na kutoka, mara nyingi kabla nusu saa haijaisha. Mwenye tatizo hili utando huo hana mahali kondo lilipokaa, au anao lakini umeharibika. Vijizizi vya kondo vimeshika misuli ya kizazi moja kwa moja, na saa ya kubanduka ikifika hakuna pa kubandukia.

Utasikia majina matatu. Akreta ni pale vijizizi vilipoishia juu ya misuli. Inkreta vimezama ndani yake. Pakreta vimeupita ukuta mzima wa kizazi hadi upande wa nje, na mara nyingine hukuta kibofu cha mkojo, maana kibofu kimelala mbele ya kizazi, palepale linapokaa kovu la opereshini. Mama mmoja anaweza kuwa na daraja zaidi ya moja, hapa limeshika juujuu, pale limezama.

Si ndiyo ile ya kondo kukwama baada ya kujifungua?

Hapana, ingawa mwanzoni zinafanana. Kondo kukwama kwa kawaida ni jambo la kizazi kuchoka au mlango wake kujifunga mapema. Hapo daktari au mkunga mwenye ujuzi huingiza mkono, hulibandua, na mambo huisha. Kondo lililonasa halina mahali pa kupitisha vidole. Ukilivuta hutoka vipande vipande, na kila kipande kinaacha mishipa iliyo wazi inayomwaga damu. Kwa hiyo anayezalisha nyumbani au kwenye zahanati akiona nusu saa imepita na kondo halijasogea, asivute kitovu wala asikande tumbo kwa nguvu. Gari litafutwe.

Inasababishwa na nini?

Zamani iliaminika kwamba kondo lenyewe ndilo korofi, linavamia. Wataalamu wengi siku hizi wanaanza kuutazama ukuta kwanza, nami naona maelezo yao yanaingia akilini zaidi. Mzizi wa mti haupasui saruji nzima, bali hufuata ufa uliokuwapo. Kovu la upasuaji ndilo ufa wenyewe: mahali pale utando haurudi kama ulivyokuwa, na yai lililorutubishwa likitua hapo, kondo linakua bila kizuizi.

Kovu la kujifungua kwa upasuaji ndilo linaloongoza kwa mbali. Lakini chochote kilichowahi kuukwangua au kuukata ukuta wa kizazi kinahesabika: kusafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika, hasa zaidi ya mara moja, kuondolewa uvimbe wa fibroidi, kutolewa kondo kwa mkono katika uzazi uliopita. Umri wa zaidi ya miaka 35 na mimba za kupandikizwa navyo vinaongeza uwezekano. Kama uliwahi kusafishwa kizazi na hukupenda watu wajue, mwambie walau nesi wa kliniki. Siri hiyo isikae kwako peke yako wakati huu.

Nimepasuliwa mara mbili na hii ni mimba ya tatu. Nina hatari kiasi gani?

Inategemea kondo la sasa limekaa wapi. Hilo ndilo jambo moja ningependa ulishike hata kama mengine yote utayasahau.

Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2006, uliofuatilia zaidi ya wanawake 30,000 waliojifungua kwa upasuaji, ulionyesha hivi. Kama kondo limekaa juu, mbali na mlango wa kizazi, mwenye makovu mawili ana uwezekano wa chini ya 1% wa kukutwa na tatizo hili. Lala usingizi. Lakini kama kondo limeziba mlango wa kizazi, hesabu inageuka kabisa: asiye na kovu lolote 3%, mwenye kovu moja 11%, mwenye mawili 40%, mwenye matatu 61%.

Soma tena: 40%. Mama mwenye makovu mawili na kondo lililoziba mlango yuko karibu na nusu kwa nusu. Hata kama anajisikia mzima, miguu haijavimba na presha ni nzuri, asipangiwe opereshini ya kawaida kwenye kituo cha afya kisicho na akiba ya damu.

Mbona bibi zetu walizaa watoto kumi na hatukuyasikia haya?

Kwa sababu hawakupasuliwa. Tatizo lilikuwapo, na madaktari wawili wa Boston, Irving na Hertig, walilieleza kwa kina mwaka 1937, ila lilikuwa nadra mno. Nchini Marekani miaka ya 1970 lilihesabiwa kwa mama mmoja kati ya 4,000 hivi. Kufikia 2016 ilikuwa mmoja kati ya 272. Kilichobadilika katikati ni idadi ya opereshini.

Kwetu nako zinaongezeka. Tanzania, tafiti za taifa za afya zilionyesha watoto 6 kati ya 100 wakizaliwa kwa upasuaji mwaka 2015-16, na 11 kati ya 100 mwaka 2022. Kenya ilitoka 9 mwaka 2014 hadi 17 mwaka 2022. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni habari njema, maana vituo vya afya vingi vilivyokuwa havina chumba cha upasuaji sasa vinacho, na kuna watoto na mama walio hai kwa sababu hiyo. Ila kila kovu la leo linarudi kliniki na mimba nyingine baada ya miaka miwili mitatu, na deni lake tunaanza kulilipa sasa.

Dalili zake ni zipi?

Mara nyingi hakuna. Hakuna maumivu ya pekee, na tumbo halikui tofauti. Dalili inayoonekana ni ya kondo kukaa chini: damu nyekundu inayotoka bila maumivu, kwa kawaida baada ya mwezi wa sita. Ikitoka hata kidogo ikakata yenyewe, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukifika, kabla mtu hajakupima njia kwa vidole, mwambie: "Nina kovu na natoka damu, naomba ultrasaundi kwanza." Kidole kikigusa kondo lililo mlangoni kinaweza kuamsha damu isiyozuilika.

Mkojo wenye damu kwa mama mwenye kovu nao usipuuzwe, ijapokuwa mara nyingi huwa ni maambukizi ya kawaida tu.

Ultrasaundi inaweza kuligundua? Nipime lini?

Inaweza, endapo anayepima anajua anatafuta nini. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kwa mwenye kovu, mimi ningesema hicho ni kipimo ambacho usikubali kikupite, hata kama itabidi kuahirisha kununua nguo za mtoto.

Tatizo ni kwamba vipimo vingi vya mitaani vinaishia kwenye mapigo ya moyo, umri wa mimba na jinsia. Unatoka na picha nzuri na huna jibu. Nenda na maswali yako mawili: kondo limekaa wapi, na je, limepita juu ya kovu? Omba majibu yaandikwe kwenye karatasi na yaingie kwenye kadi ya kliniki. Mpimaji mzoefu ataangalia kama kuna vishimo vya damu ndani ya kondo vinavyolifanya lionekane kama limetobolewatobolewa, kama ule mstari mweusi kati ya kondo na misuli umetoweka, na kama mpaka wa kibofu umekatika. Kipimo cha kuingiza kifaa ukeni huonyesha vizuri zaidi sehemu ya chini na ni salama hata kondo likiwa mlangoni, kikifanywa na anayejua. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, husaidia hasa kondo likiwa limekaa ukuta wa nyuma wa kizazi au ikishukiwa limevuka nje ya kizazi, lakini ni ghali na si lazima kwa kila mtu.

Kipimo kikisema hakuna kitu, bado mwenye makovu na kondo la chini achukuliwe kama mwenye tatizo mpaka kondo litoke. Ultrasaundi hukosea.

Niliambiwa wiki ya 20 kwamba kondo liko chini. Ndiyo basi?

Bado. Kizazi kinavyotanuka, kondo huonekana kama linapanda, na kwa walio wengi sana huwa limeshatoka mlangoni kabla ya siku za kujifungua. Rudia kipimo karibu na wiki ya 32. Mwenye kovu lakini asiambiwe tu "litapanda lenyewe" kisha akaachwa, kwa sababu kondo lililonasa kwenye kovu ndilo lisilopanda. Katika muda huo, kama kondo bado limefunika mlango, epukeni tendo la ndoa.

Kwa nini linaogopwa hivyo?

Kwa sababu ya damu. Mimba ikikomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye kizazi kila dakika. Mwili mzima wa mjamzito una lita sita hivi. Piga hesabu mwenyewe. Katika uzazi wa kawaida, misuli ya kizazi hujikaza na kuibana mishipa kama mtu anayekunja ngumi. Kondo likiwa limenasa, ngumi haikunjiki. Mama hupoteza lita mbili, tatu, hata tano, na damu iliyobaki hupoteza uwezo wa kuganda.

Chupa moja ya damu inayochangwa ni mililita 450 hivi. Mama mmoja wa namna hii anaweza kumaliza chupa kumi kwa usiku mmoja.

Nitajifungulia wapi, na lini?

Mahali penye daktari bingwa wa uzazi, mtaalamu wa usingizi, daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo anayeweza kuitwa, benki ya damu, chumba cha wagonjwa mahututi na wodi ya watoto njiti. Kwa Tanzania hiyo ni hospitali ya kanda au ya taifa: Muhimbili, Bugando, KCMC, Mbeya na kadhalika. Kwa Kenya ni mfano wa Kenyatta au Moi ya Eldoret. Omba rufaa mapema, ukiwa bado unatembea kwa miguu yako. Rufaa ya saa nane za usiku ndani ya gari la wagonjwa ni jambo lingine kabisa.

Miongozo ya Marekani inataka opereshini ipangwe kati ya wiki ya 34 na mwisho wa ya 35. Ya Uingereza inakubali kusubiri hadi wiki ya 36 kwa asiyetoka damu. Sababu ni kutosubiri uchungu uanze wenyewe. Mtoto atakuwa njiti kidogo, hivyo mama huchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kabla. Kama kwenu ni mbali, hamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito kuanzia mwezi wa saba au wa nane. Na katika wiki hizo pandisha damu yako: vidonge vya kuongeza damu vimezwe, visibaki kabatini, na malaria itibiwe.

Opereshini yenyewe inakuwaje? Mbona wanasema watatoa kizazi?

Njia iliyozoeleka na iliyo salama zaidi kwa mama ni hii: tumbo linafunguliwa, mara nyingi kwa mkato wa kwenda juu, kizazi kinakatwa sehemu ambayo kondo halipo, mtoto anatolewa, kondo linaachwa lilivyo bila kuguswa, kisha kizazi kinaondolewa pamoja na kondo ndani yake. Kutaka "kujaribu kulibandua kidogo tuone" ndiko kunakoua. Mama hupewa pia traneksamiki asidi, dawa inayosaidia damu kuganda, ambayo utafiti mkubwa uliotolewa 2017, ulioshirikisha hospitali za Tanzania, Kenya na Uganda miongoni mwa nchi 21, ulionyesha inapunguza vifo vya kuvuja damu ikitolewa ndani ya saa tatu.

Ganzi ya mgongoni inaweza kutumika mwanzoni, lakini uwe tayari kwa nusukaputi. Kibofu kikiguswa kitashonwa, na utakaa na mpira wa mkojo siku kadhaa, pengine wiki mbili.

Bado nataka kuzaa. Kizazi hakiwezi kuokolewa kabisa?

Wakati mwingine kinaweza. Kama eneo lililonasa ni dogo, daktari mwenye uzoefu huo hukata kipande cha ukuta pamoja na kondo lake na kushona. Njia nyingine ni kumtoa mtoto, kufunga kitovu, kuliacha kondo ndani na kushona tumbo, kisha kusubiri mwili ulimeze polepole. Wafaransa ndio walioifuatilia sana: kati ya wanawake 167 waliochapishwa mwaka 2010, 78% walibaki na vizazi vyao. Kwa wale ambao kondo liliisha lenyewe, ilichukua kwa kawaida wiki 13 au 14.

Wiki 13 za kubeba nyama iliyokufa ndani, huku ukisubiri isiwe usaha wala damu ya ghafla. Kwa mtu anayeishi dakika kumi kutoka hospitali kubwa, ni chaguo la kuzungumza na daktari. Kwa anayerudi kijijini ambako barabara hukatika masika, sithubutu kumshauri. Na ajuaye kwamba atazaa tena ajue pia kwamba tatizo hurudi kwa robo hivi ya wajawazito wa aina hiyo.

Mimi ni mume. Natakiwa kufanya nini?

Tafuta watu wa kuchangia damu kabla ya tarehe, usisubiri upigiwe simu. Mchangiaji awe na kilo 50 au zaidi na umri wa miaka 18 hadi 65. Mwanaume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Kundi lake si lazima lifanane na la mkeo, kwa kuwa benki ya damu inahitaji akiba. Ila kama mkeo ana kundi hasi, mtaje mapema, maana damu hasi ni chache.

Kuhusu kusaini: uamuzi wa kizazi ni wa mkeo, na azungumze na daktari akiwa ametulia, si akiwa kitandani tayari kwa kisu. Kikao cha ukoo cha kujadili kama kizazi kitolewe au la, damu ikiwa inamwagika, kimeshachelewesha wengi.

Mama mkwe anasema nimekula udongo, ndiyo maana.

Pemba haigandishi kondo. Wala si uchawi, wala si adhabu ya kutoka nje ya ndoa kama baadhi ya watu wanavyopenda kusema. Lakini udongo unakausha damu mwilini, na wewe unaihitaji kuliko wengine. Acha.

Nikitolewa kizazi, nitaendelea kuwa mwanamke?

Ndiyo. Mifuko ya mayai kwa kawaida huachwa, hivyo homoni zinaendelea na hutazeeka ghafla. Hedhi haitakuja tena na mimba haitashika. Tendo la ndoa linarudi jeraha likipona, na daktari ndiye atakayekupa ruhusa.

Unanyonyesha kama kawaida. Ila kama ulipoteza damu nyingi sana na maziwa hayatoki kabisa, unachoka kupita kiasi na nywele za mwili zinapukutika, rudi hospitali useme hivyohivyo. Upungufu mkali wa damu unaweza kuumiza tezi iliyo chini ya ubongo inayoamrisha maziwa, na dawa zipo. Usingizi ukikukimbia kwa kuiota ile siku, hilo nalo ni la kumwambia daktari, si la kuambiwa "mshukuru Mungu uko hai". Mtu anaweza kumshukuru Mungu na bado akalilia kizazi chake.

Nina kovu moja. Nifanyeje nisifike huko?

Uliza kwa nini ulipasuliwa mara ya kwanza. Kama mtoto alikaa vibaya au alichoka, huenda safari hii unaweza kujaribu kujifungua kawaida, katika hospitali yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana. Msemo wa "ukipasuliwa mara moja ni kisu daima" si sheria. Na ukiamua familia imetosha, zungumzeni kuhusu uzazi wa mpango kabla ya kovu la tatu, si baada ya la nne.

Ndugu yetu aliingizwa kupasuliwa hospitali ya wilaya, akarudishwa wodini tumbo limeshonwa na mtoto bado yumo. Ni uzembe?

Yawezekana ni uamuzi bora kuliko wote waliofanya siku ile. Daktari akifungua tumbo akakuta kizazi kimevimba chini, rangi ya zambarau, mishipa minene imetambaa hadi kwenye kibofu, ameliona. Kama mama hatoki damu na mtoto anaendelea vizuri, kukata pale bila damu ya kutosha ni kumuua. Anachotakiwa kufanya ni kutokata kizazi, kufunga tumbo, na kumpeleka penye uwezo. Hata kama mtoto ameshatolewa ndipo tatizo likaonekana, kondo likiwa halijabanduka wala halivuji, linaachwa humohumo, kizazi kinashonwa na safari inaanza. Mnachopaswa kudai hapo ni gari liondoke sasa, nesi awemo ndani, na hospitali inayompokea iwe imeshapigiwa simu kutayarisha damu.